Simu hii ni ya nani?

Simu ya kliniki ilikuwa mulika mwizi ya kijivu, imefungwa kamba kwenye mguu wa meza ili isije ikatembea. Kamba yenyewe fupi. Ukitaka kupiga ilikubidi uiname, shavu karibu liguse daftari, na aliyeingia mlangoni angedhani umelala kazini. Mwaka 2013 aliyekuwa akiinama ni mimi. Nilikuwa karani wa takwimu katika hospitali moja ya pwani ya Kenya, kazi yangu kuhamisha maandishi ya wauguzi kutoka daftarini hadi kwenye kompyuta. Kupiga simu hakukuwemo kwenye mkataba. Nilipewa kwa sababu meza ilikuwa yangu.

Niliowapigia ni akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi, waliojifungua karibuni, ambao tarehe ya kumleta mtoto ilikuwa imepita bila wao kuonekana. Muuguzi alizizungushia tarehe hizo duara jekundu. Kila Ijumaa nilihesabu maduara.

Kwa asiyejua, naomba nieleze tarehe hizo zina nini, maana kuna siku hata mimi nilizichukulia kama urasimu tu. Mtoto wa mama mwenye virusi huzaliwa na kingamwili za mamake, yaani kinga ambazo mwili wa mama ulitengeneza dhidi ya virusi, nazo huweza kukaa mwilini mwake hadi miezi 18. Kipimo cha kawaida, kile cha kuchoma kidole na kusubiri mistari, huziona hizo kingamwili na kusema mtoto anavyo, hata kama ni mzima kabisa. Kwa hiyo akifikisha wiki sita huchomwa kisiginoni, matone ya damu yakadondoshwa kwenye karatasi nene yenye miduara, karatasi ikaanikwa ikakauka, ikatiwa bahasha, ikasafirishwa hadi maabara kubwa inakotafuta virusi vyenyewe. Hapo mama husubiri. Akishapata majibu, arudi mtoto akiwa na miezi sita, arudi akitimiza mwaka, arudi tena kwenye mwaka na nusu. Muda wote huo ananyonyesha, anameza vidonge vyake kila siku, na mtoto anamnywesha dawa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano.

Kila safari kati ya hizo ina mahali pa kukatikia. Nauli, mvua, msiba bara, mume aliyerudi ghafla kutoka kazini Mombasa, mama mkwe anayeuliza mbona mtoto huyu anapelekwa hospitali kuliko wenzake. Na wiki za kupotea zina bei. Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama hao, 15 hadi 45 huambukizwa, ama tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama kwa maziwa. Dawa zikitumika ipasavyo, idadi hushuka chini ya 5. Na akiambukizwa asitibiwe, karibu nusu yao hawafikishi miaka miwili. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wachanga walioanzishiwa dawa mapema, bila kungoja wadhoofike, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 76. Ndiyo maana lile duara jekundu lilikuwa na haraka yake.

Basi napiga. Na mara nyingi aliyepokea ni yule dada wa kwenye mtambo: "Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Wakenya tumeligeuza hilo kuwa msemo, mtu akizima simu tunasema yuko mteja. Kliniki nasi tulikuwa na neno hilohilo kwa watu wetu, maana tulikatazwa kusema wagonjwa. Kwa hiyo nilikuwa na ukurasa mzima wa wateja ambao walikuwa mteja. Nilikuwa nikilicheka mwenyewe hilo, hadi siku niliyompata mmoja.

"Haloo."

Sauti ya kiume, nzito, ya mtu aliyetoka usingizini. Nikasema naomba kuongea na fulani, nikataja majina yote matatu ya mkewe, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"We nani?"

"Napiga kutoka kliniki. Majibu ya mtoto yamerudi."

"Majibu ya nini?"

Hapo palikuwa na njia kumi za kutokea. Ningeweza kusema nimekosea namba. Ningeweza kukata na kuusingizia mtandao. Nikasema, "Ya damu." Akauliza kliniki gani. Nikamtajia chumba. Mji wetu ni mdogo na chumba kile kila mtu anakijua. Watu hupita ng'ambo ya ua ili wasionekane wakipitia mlango wake. Akanyamaza. Nyuma yake redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Kisha simu ikakatika, na kuanzia siku hiyo namba ile ikawa mteja.

Majibu yenyewe yalikuwa mazuri. Mtoto hakuwa na virusi. Nilipiga simu ile kwa furaha, nikiwa na karatasi mkononi, nikijiona mleta heri.

Wiki tano zilipita. Aliyempata yule mama ni mama mshauri wetu, mwanamke aliyeishi na virusi miaka mingi, akazaa watoto wawili wasio navyo, naye akaajiriwa kuwashika mkono wenzake. Wazo hilo la mama kumwongoza mama lilianzia Cape Town mwaka 2001 na kusambaa nchi nyingi, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko programu zote za simu nilizowahi kuonyeshwa kwenye semina. Yeye hakutumia simu. Alimuuliza mwanamke wa chama aliyemfahamu shangazi wa mtu, akapanda matatu, akashuka, akapanda boda, akamkuta kwa wazazi wake.

Akaja naye siku ya pili, pamoja na mamake mzazi. Sikuuliza kama alifukuzwa au aliondoka mwenyewe. Aliloleta ni hili: vidonge vyake alivificha ndani ya gunia la mchele nyumbani kwa mumewe, na alivyoondoka usiku ule hakuwahi kuvichukua. Wiki tano, mtoto ananyonya, mama hana dawa. Kile kikaratasi cha majibu mazuri nilichompigia simu nacho kilikuwa sasa hakina nguvu. Ilibidi mtoto achomwe kisigino upya.

Nilimwomba radhi. Aliniangalia akasema, bila hasira hata kidogo, "Babangu, si ungeniuliza habari tu, ukakata?"

Mama mshauri alinichukua pembeni. "Mwanangu, simu ya mwanamke si ya mwanamke," aliniambia. "Kwanza uliza iko mkononi mwa nani." Tangu siku hiyo alipiga yeye, kwa sababu sauti ya kiume ikimuulizia mke wa mtu asubuhi na mapema hakuna anayedhani ni kliniki. Akipokelewa na mwingine, alikuwa shoga yake mama fulani, anauliza mchango wa chama. Akimpata mwenyewe, alisikiliza kwanza jinsi anavyoitikia. Mama akijibu kwa mkato, "ndiyo, ndiyo, nitakuja kwa arusi," basi kuna mtu kando. Na kama ni lazima kutaja hospitali, alitaja chanjo. Hiyo haikuwa hata uongo: wiki sita ndiyo siku ya kuchomwa kisigino, na wiki sita ndiyo siku ya chanjo ambayo kila mtoto wa Kenya anaipata, wa mama mwenye virusi na wa mama asiye navyo. Wapangaji wa ratiba ile, kwa kusudi ama kwa bahati, waliwapa akina mama hawa pazia.

Nikaanza kuuliza mambo ambayo fomu yetu haikuwa nayo. Fomu ilikuwa na mstari mmoja: Nambari ya simu. Nilianza kuandika kwa penseli pembeni. "Ya jirani." "Ya mtoto mkubwa, anarudi shule saa kumi." "Ya mume, usipige." "Ana laini tatu, anabadilisha kufuata ofa." "Inachajiwa dukani, inawaka Jumanne na Jumamosi." Kuna mama mmoja hakujua kusoma, na aliyemsomea ujumbe ni binti yake wa darasa la nne, kwa sauti, kama anavyosoma darasani, mbele ya yeyote aliyeketi barazani. Hebu fikiria ujumbe wenye neno dawa ukisomwa hivyo.

Na akina mama nao walikuwa na teknolojia yao. Namba ya mama mshauri waliihifadhi kwa majina ya kila aina: Mama Chama, Fundi Cherehani, Muuza Samaki. Kubipu mara moja ni nipigie ukipata nafasi. Kubipu mara tatu mfululizo ni kuna jambo. Hakuna mtu aliyewafundisha. Wafadhili walitumia fedha nyingi kubuni mfumo wa mawasiliano, na huku ulikuwapo mmoja wa bure, wenye siri, unaoeleweka na kila mtu kutoka Lunga Lunga hadi Lamu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba lile ombi la yule mama, uniulize habari tu, lilikuwa tayari limejaribiwa, tena kwa lugha yetu. Kuanzia mwaka 2007, kwenye kliniki tatu nchini Kenya, mbili Nairobi na moja Kajiado, watu wazima 538 walioanza dawa za kupunguza makali waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliendelea na huduma ya kawaida. Fungu la pili, kila Jumatatu asubuhi, lilipata ujumbe wa neno moja: Mambo? Ulitakiwa ujibu ndani ya saa 48, ama Sawa, ama Shida. Ukisema Shida, muuguzi anakupigia. Ukinyamaza, anakupigia pia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet: waliomeza dawa zao inavyotakiwa walikuwa asilimia 62 kwenye fungu la Mambo, na 50 kwenye fungu la kawaida. Waliofubaza virusi, yaani vilivyoshuka mno ndani ya damu, walikuwa asilimia 57 kwa 48. Mradi uliitwa WelTel.

Hawakuwa akina mama wenye watoto wachanga, na tofauti hiyo haifanyi miujiza. Nilichokipenda ni lile neno. Halitaji dawa, halitaji tarehe, halitaji kliniki. Halimkumbushi mtu kwamba ni mgonjwa. Na linamwachia yeye kusema kama kuna jambo, jambo lolote. Nauli nayo ni shida, mume naye ni shida. Ingawa nikisema kama mtu wa pwani, Mambo? kutoka namba isiyo na jina, saa tatu usiku, nayo ina uwezo wa kuvunja nyumba. Mume gani atakubali kwamba huyo ni muuguzi? Ndiyo maana Jumatatu asubuhi, siku ileile, namba ileile iliyokwisha kuhifadhiwa kwa jina la Muuza Samaki.

Neno Shida, kwa upande wake, ni la gharama. Kompyuta hutuma Mambo? kwa watu elfu moja kwa mpigo, lakini anayejibiwa Shida ni binadamu, na huyo binadamu awe na salio, awe na dakika kumi, awe na ruhusa ya kumwambia mtu "njoo hata kama tarehe yako si leo." Mapendekezo mengi ya miradi niliyoyachapa yalikuwa na bajeti ya kutuma ujumbe. Ya kupokea majibu ilikuwa nadra.

Kuhusu akina mama wenyewe, upo utafiti wa Nyanza uliochapishwa mwaka 2014, ambao naurudia mara nyingi nikizungumza na watu wa fani hii. Wanawake wajawazito 388 wenye virusi. Nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi kabla na baada ya kujifungua, na waliweza kujibu na kupiga. Watoto waliopimwa ndani ya wiki nane walikuwa asilimia 92 kwa waliopata ujumbe, na 85 kwa wasiopata. Vizuri. Sasa angalia akina mama waliorudi kliniki kwa ajili ya afya yao wenyewe baada ya uzazi: 19.6 kwa 11.8. Ujumbe ulisaidia pande zote mbili, lakini pima umbali kati ya 92 na 19.6. Mtoto ataletwa. Mama atambeba kwenye jua, atakopa nauli, atadanganya mama mkwe. Akifika amkabidhi mtoto, achukue karatasi, arudi nyumbani kupika, na mwili wake mwenyewe aupangie siku nyingine. Niliiona hali hiyo kwenye daftari letu pia, safu ya mtoto imejaa na safu ya mama ina mapengo, nami kwa muda mrefu nilidhani ni wauguzi waliosahau kujaza.

Utafiti mwingine wa Kenya, wa akina mama 824, ulikuja baadaye ukaona kwamba ujumbe wa simu haukuleta tofauti ya maana. Walioushabikia ujumbe walinuna. Mimi sikushangaa. Mama ambaye tayari anameza dawa zake na kliniki inamtendea vyema, ujumbe utamwongezea nini? Na yule aliyekimbia usiku akaacha vidonge kwenye gunia, simu yake imebaki kwa mumewe.

Penye faida isiyo na mabishano ni pale simu inapomwacha mama apumzike na kushughulikia makaratasi yetu. Nchini Zambia, mradi wa UNICEF ulioitwa Mwana ulichukua majibu ya vipimo vya watoto kutoka maabara na kuyatuma kwa ujumbe mfupi hadi kituo cha afya, badala ya kungoja gari. Muda wa wastani wa majibu kufika ulishuka kutoka siku 44.2 hadi 26.7. Siku kumi na saba na ushei! Kwa mtoto wa wiki sita huo ni umri mkubwa. Kwetu bahasha zilikuwa zikirudi kwa mzunguko wa gari la ofisi, na nimewahi kumwona mama akija mara tatu, kila mara akiambiwa bado, mara ya nne asije, nasi tukaandika kwa kalamu nyekundu kwamba ameacha kliniki. Nani aliyemwacha mwenzake hapo?

Kwa sababu hiyohiyo naukubali mfumo uliojaribiwa katika hospitali za Kenya uitwao HITSystem. Humtumia mama ujumbe, ndiyo, lakini kwanza humsumbua mhudumu. Sampuli haijatumwa, kompyuta inalalamika. Majibu yamefika na mama hajajulishwa, inalalamika. Mtoto ana virusi na hajaanza dawa, inalalamika zaidi. Watoto waliokamilisha hatua zote waliongezeka. Laiti tungekuwa nao mwaka ule, maduara mekundu mengi yangekuwa ya kwetu.

Mulika mwizi ile ilikufa mwaka 2015, ikaja simu ya kupangusa, na matatizo mapya nayo. Simu ya kupangusa huonyesha ujumbe juu ya kioo hata ikiwa imefungwa. Huna haja ya kuifungua kusoma mistari miwili ya kwanza. Halafu mtu mwema ofisini akapendekeza kundi la WhatsApp la akina mama wote wa kliniki, ili matangazo yafike mara moja. Mama mshauri aliuliza swali moja: "Kila mmoja ataiona namba ya mwenzake?" Kundi halikufunguliwa. Nasikia kwingine yalifunguliwa.

Mimi niliondoka kwenye kazi hiyo miaka michache baadaye. Yeye alibaki, hadi Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 na miradi mingi ya Ukimwi ikapewa amri ya kusimama papo hapo. Kwao waliitwa siku moja, wakaambiwa warudishe simu, kitambulisho na fulana. Alirudisha vyote vitatu. Nilimpigia jioni ile nikamkuta ametulia kuliko mimi. Aliniambia kinachomsumbua ni akina mama watakaopiga ile namba wasikie dada wa mtambo. Baadhi yao, wale wa zamani, walikuwa na laini yake binafsi, maana simu ya ofisi ilikuwa ikiishiwa salio tarehe 20 kila mwezi na yeye akiendelea kwa fedha zake. Hilo nalo halikuandikwa kwenye ripoti yoyote niliyoichapa.

Yule mtoto wa gunia la mchele kipimo chake cha pili kilirudi salama, na cha miezi 18 pia. Alifungiwa faili akiwa anatembea, akalivuta pazia la chumba cha daktari likaanguka. Leo ni mvulana wa miaka 12. Mamake alijenga kwao, hajarudi kwa yule bwana, na namba ya mama mshauri bado ameihifadhi kama alivyoihifadhi siku ya kwanza: Fundi Cherehani.

Mwezi uliopita alibipu mara moja. Mama mshauri akampigia. Alitaka kujua suruali ya sare ya shule inashonwa kwa shilingi ngapi, kwa sababu amesikia kwa watu kwamba siku hizi anashona kweli. Ni kweli, alinunua cherehani ya mtumba mwezi wa tatu, ameiweka barazani. Wakapatana bei, akamwambia alete kitambaa mita moja na nusu, kijana naye aje apimwe kiuno. Kabla hajakata, akamuuliza amebakiwa na vidonge vya siku ngapi.